Samadi, Mfuko wa Urea na Njaa ya Udongo

Kuna lawama ambayo bwana shamba yeyote wa Tanzania au Kenya ameisikia mara nyingi: mbolea za chumvichumvi zimeuchoma udongo. Mkulima huieleza hivi. Shamba aliloachiwa na wazee lilikuwa likizaa bila kutiwa chochote. Alipoanza kupandia DAP na kukuzia Urea, mavuno ya misimu ya mwanzo yalipanda mpaka ghala likamshinda. Baadaye yakaanza kushuka, na leo asipotia mbolea havuni kitu, na akitia havuni cha maana. Upande wa pili wako wauza pembejeo, wanasiasa na baadhi ya wataalamu wanaomwambia kwamba kosa lake ni kutia mbolea kidogo mno. Pande zote mbili zimeona jambo la kweli, na zote mbili zimekosea chanzo chake. Mbolea ya kiwandani kwa asili yake haiui udongo. Kinachouua ni mambo mawili yanayoandamana nayo pale inapotumiwa peke yake mwaka hadi mwaka: tindikali inayoachwa ijikusanye bila kurekebishwa, na njaa ya viumbe vidogo vilivyomo ardhini, ambavyo ndivyo vinavyoufanya udongo uwe udongo. Anayelielewa hilo halazimiki kuchagua kati ya samadi na mfuko. Linalobaki kwake ni kujua kipi kitangulie, na kwa nini.

Gramu moja ya udongo wenye afya, kiasi cha kuokota kwa ncha za vidole viwili, inaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja, mbali na nyuzi za kuvu, vijidudu vinavyowala bakteria hao, na juu yao nyungunyungu na mchwa tunaowaona kwa macho. Kazi zao ndizo tunazoziita rutuba. Wanaozesha majani na mizizi iliyokufa na kuachia virutubisho vilivyofungwa ndani yake. Utando na gundi wanazotoa hushikamanisha chembe za udongo kuwa mabonge madogo, na kwa sababu hiyo mvua huzama badala ya kutiririka na kuondoka na udongo wa juu. Kuvu wanaoishi kwa ushirika na mizizi, wanaopatikana katika mimea mingi ya nchi kavu yakiwemo mahindi, mihogo na kahawa, hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele hadi mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, na huko hufuata fosforasi na maji. Mmea huwalipa kwa sukari uliyoitengeneza kwa jua.

Ajabu kubwa zaidi iko kwenye mizizi ya mikunde. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini hakuna mmea unaoweza kuitumia moja kwa moja. Mwaka 1886 wanasayansi wawili wa Kijerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walithibitisha kwamba mimea ya jamii ya kunde huipata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa viumbe vilivyo ndani ya vinundu vya mizizi yake, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe, wale tunaowaita raizobia. Binadamu alichelewa sana kuiweza kazi hiyo. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha kutengeneza amonia kutokana na hewa kilianza mwaka 1913 huko Oppau, Ujerumani, kwa joto la mamia ya nyuzi na shinikizo kubwa mno, na hadi leo uzalishaji wa amonia hiyo hula gesi asilia nyingi. Raizobia wa maharage na karanga hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya ndani ya kinundu kidogo, kwa joto la kawaida la shamba.

Viumbe vyote hivi vinahitaji chakula, na chakula chao cha kwanza ni kaboni, ile iliyomo katika mabua, majani, mizizi na samadi. Hapa ndipo wakulima wengi na hata baadhi ya wataalamu hupotea. Mfuko wa Urea hauna chakula hicho kwa kiasi cha kuhesabika. Unalisha mahindi, na mahindi yakishavunwa, yote yanategemea mabua yanakwenda wapi. Yakichomwa ili shamba liwe safi, au yakibebwa yote kwenda kwa ng'ombe ambao samadi yao hairudi, basi vijidudu vimebaki na mizizi tu, na msimu unaofuata vinaanza kula akiba ya mboji iliyokusanywa kwa miaka mingi. Akiba hiyo haionekani ikipungua. Udongo hubadilika rangi taratibu, hushikana kama tofali ukikauka, maji hayazami, na ile mbolea ambayo zamani ilishikwa na mboji hadi mzizi uifikie sasa husombwa na mvua. Mkulima anayesema shamba lake limezoea mbolea kiasi kwamba haliwezi kuzaa bila hiyo anaeleza jambo halisi. Miaka iliyopita mahindi yake yalikuwa yakipata sehemu kubwa ya naitrojeni kutoka kwenye mboji iliyokuwa ikiozeshwa na vijidudu. Mboji imekwisha, na mfuko unabeba mzigo wote peke yake.

Je, lakini, si kweli kwamba mbolea yenyewe ni sumu kwa vijidudu? Swali hili limepimwa, na jibu lake ni la wazi kuliko mabishano yake. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya matokeo ya majaribio 64 ya muda mrefu ya mazao ya kila mwaka kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakalinganisha vipande vilivyotiwa mbolea ya kiwandani na vile visivyotiwa. Kwa wastani, vijidudu vilikuwa vingi zaidi kwa asilimia 15 hivi pale palipotiwa mbolea. Sababu si ngumu: mahindi au ngano iliyoshiba huacha mizizi na masalia mengi zaidi, na masalia ndiyo chakula. Lakini ndani ya wastani huo kulikuwa na mpaka. Katika udongo ambao pH yake ilikuwa chini ya 5, yaani wenye tindikali kali, mbolea ilikwenda sambamba na kupungua kwa vijidudu. Katika udongo usio na tindikali viliongezeka sana.

Ushahidi wa macho uko Rothamsted, Uingereza, kwenye mojawapo ya vituo vikongwe zaidi duniani vya majaribio ya kilimo. Shamba la ngano la Broadbalk limekuwa likipandwa tangu mwaka 1843, na vipande vyake vinavyotiwa mbolea ya kiwandani bado vinazaa vizuri baada ya zaidi ya miaka 170, ila huko tindikali hurekebishwa kwa chokaa. Jirani yake kuna jaribio la malisho liitwalo Park Grass, lililoanza mwaka 1856. Vipande vilivyopewa mbolea ya salfeti ya amonia kila mwaka bila chokaa vimechacha hadi pH chini ya 4. Nyungunyungu wametoweka, na juu ya ardhi limejengeka zulia la nyasi zilizokufa ambazo haziozi kwa sababu wa kuziozesha hawapo. Kituo ni kimoja na hali ya hewa ni moja, na mbolea imetiwa kote kwa zaidi ya karne. Kukosekana kwa chokaa kunaeleza tofauti hiyo zaidi kuliko mbolea yenyewe.

Tindikali hiyo hutoka wapi? Amonia inayotokana na Urea, DAP na SA (salfeti ya amonia) haikai hivyo ardhini kwa muda mrefu. Bakteria maalumu huigeuza kuwa naitreti, na katika kugeuza huko huachia asidi. Naitreti ambayo mazao hayakuiwahi huzama na maji ya mvua, ikiondoka pamoja na kalsiamu na magnesiamu, madini yanayopunguza makali ya asidi. Mavuno nayo hubeba sehemu ya madini hayo kwenda sokoni. Mbolea hazilingani kwa hili: kwa kila kilo ya naitrojeni, SA huchachusha udongo zaidi ya zote zinazouzwa kwetu, DAP inafuata, Urea ni nafuu, na CAN, ambayo ina chokaa ndani yake, ina madhara madogo zaidi. Mkulima aliyepandia DAP kwa miaka 20 mfululizo bila chokaa amekuwa akisogeza shamba lake hatua kwa hatua kuelekea ule mpaka wa pH 5 ambako kila kitu huharibika kwa pamoja. Alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huyeyuka na kudumaza mizizi. Fosforasi hufungwa na madini ya chuma na alumini, hivyo DAP yenyewe aliyoinunua kwa ajili ya fosforasi inanaswa kabla mmea haujaipata. Raizobia hufa au hushindwa kuunda vinundu, na maharage yanageuka manjano. Huyo ndiye mkulima anayeambiwa aongeze mifuko.

Hali hii imeenea magharibi mwa Kenya na katika maeneo ya Bonde la Ufa la kaskazini kama Trans Nzoia na Uasin Gishu, ghala la mahindi la nchi hiyo, na pia katika sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zenye mvua kubwa. Dawa yake ni ya zamani na haina siri: chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa laini, hutandazwa na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kosa la kuepuka ni kuichanganya na Urea au DAP kwa wakati mmoja, kwa kuwa chokaa huifukuza amonia ikapotelea hewani. Tena si kila shamba linalohitaji chokaa. Udongo wa maeneo makavu yenye magadi tayari uko upande wa pili wa kipimo, na kuuongezea chokaa ni kuyanyima mazao zinki na madini mengine. Ndiyo maana kipimo cha udongo kinatangulia. Wengine hupinga kwamba chokaa ni nzito, hutakiwa kwa tani wala si kwa kilo, na usafiri wake humshinda mkulima wa ekari mbili. Pingamizi hili lina uzito, nami siwezi kulipuuza. Lakini chokaa ikishatiwa hufanya kazi kwa misimu kadhaa, na asiyemudu kutandaza shamba zima anaweza kuanza kwa kiasi kidogo kwenye mistari ya kupandia. Zaidi ya hapo, fedha inayotumika kununua fosforasi ambayo udongo mchachu unaifunga ni hasara ya kila mwaka ambayo mkulima haioni kwa sababu imo ndani ya mfuko.

Tanzania ina bahati ambayo haijaitumia ipasavyo. Minjingu, mkoani Manyara, kuna mwamba wa fosfeti uliotokana kwa sehemu kubwa na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale, na umekuwa ukichimbwa tangu miaka ya 1980. Ukisagwa na kutiwa kwenye udongo wenye tindikali, tindikali hiyohiyo huuyeyusha na kuachia fosforasi taratibu, na kalsiamu iliyomo husaidia kupunguza uchachu. Katika udongo usio na tindikali huyeyuka polepole mno, kwa hiyo si dawa ya kila mahali. Lakini kwa Mbeya, Njombe au magharibi mwa Kenya ni mbolea inayolingana na maradhi ya huko kuliko nyingi zinazovuka bahari.

Sasa turudi kwenye njaa. Kabete, pembeni mwa Nairobi, mwaka 1976 lilianzishwa jaribio la mahindi na maharage ambalo limeendelea kwa miongo kadhaa. Vipande vingine havikupewa kitu, vingine vilipewa mbolea ya kiwandani peke yake, vingine samadi peke yake, vingine vilirudishiwa mabua, na vingine vilipewa mchanganyiko. Mavuno bora na ya kudumu yalitoka kwenye vipande vilivyopata samadi na mbolea ya kiwandani kwa pamoja. Tokeo lingine halisemwi sana, nalo ndilo linalopaswa kututia hofu: kaboni ya udongo ilipungua kote, hata pale palipotiwa tani 10 za samadi kwa hekta, ingawa kasi ya kupungua ilikuwa ndogo zaidi huko. Kwenye joto letu na kwa kulima kila msimu, vijidudu hula haraka. Kuwalisha si kazi ya mara moja kisha ikasahaulika.

Matokeo hayo yanapinga kauli zote mbili za mwanzo. Yanawapinga wanaosema mfuko unatosha, na yanawapinga vilevile wanaosema samadi inatosha. Tufanye hesabu na hawa wa pili, kwa kuwa wengi wao wana nia njema na sauti yao inasikika sana. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni. Anayetaka tani 2 kwa ekari, mavuno yanayofikiwa katika eneo la mvua nzuri, ameondoa kilo 30. Samadi ya zizi la kawaida kijijini, iliyokaa juani na mvuani, mara nyingi ina naitrojeni ya asilimia 1 hivi, na si yote inayopatikana kwa mazao msimu wa kwanza. Kufidia kilo 30 kunahitaji zaidi ya tani 3 za samadi kavu kwa ekari kila mwaka. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa karibu tani moja ya kinyesi kikavu kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hubaki malishoni. Familia yenye ekari tatu na ng'ombe wawili haifiki huko hata ikizoa kila tonge. Mfuko mmoja wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Tena samadi haiumbi rutuba, inaihamisha tu: kilichomo ndani yake kimetoka malishoni au katika shamba lingine, ambalo nalo limepungukiwa.

Nchi moja ililijaribu jambo hili kwa amri. Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za kiwandani na viuatilifu mwaka 2021, kwa madai ya kulinda afya na mazingira, ingawa uhaba wa fedha za kigeni nao ulikuwa nyuma ya uamuzi huo. Mpunga na chai vikaanguka, nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikalazimika kuagiza, na kabla ya mwaka kwisha serikali ililegeza amri yake. Kilimo hai kina mahali pake, hasa kwa mazao yenye soko la bei nzuri na kwa wakulima waliojenga mboji kwa miaka. Hakijengwi ghafla kwa kufunga bandari.

Kauli ya upande mwingine imekuwa na nguvu zaidi serikalini. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kufikisha matumizi ya mbolea kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo mwaka 2015. Mwaka huo ulifika na kupita huku Afrika Kusini mwa Sahara ikiwa bado chini ya nusu ya lengo, wakati wastani wa dunia unazidi kilo 100. Ni kweli tunatumia kidogo, na anayedai kwamba Afrika imejaa mbolea hana takwimu. Lakini mahitaji ya mkulima hayapimwi kwa mifuko iliyoshushwa ghalani. Watafiti wa udongo wamegundua katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki na Kusini mashamba yaliyochoka kiasi kwamba hayaitikii mbolea: ukitia au usitie, mavuno ni yaleyale, kwa sababu mboji imekwisha, tindikali imezidi, au kirutubisho kingine ambacho hakimo mfukoni ndicho kilichokosekana. Kwa mwenye shamba la namna hiyo, kuacha kununua mbolea ni hesabu sahihi, wala si ukaidi kama anavyosemwa. Mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 uliitwa wa mbolea na afya ya udongo, na maneno hayo ya mwisho, afya ya udongo, hayakuwa katika jina la ule wa Abuja. Ni dalili njema, ila bajeti ndizo zitakazoonyesha kama tumeelewa. Ruzuku zilizorejeshwa kwa nguvu Tanzania na Kenya mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopaa duniani, ziliwaokoa wakulima wengi, lakini uzito wake mkubwa ulikuwa kwenye mifuko ya kupandia na kukuzia.

Kati ya njia zote za kulisha udongo, yenye faida zaidi kwa mkulima asiye na fedha ni mikunde, na tumeichezea kwa kuipanda kama mazao ya pembeni. Mradi wa N2Africa ulioanza mwaka 2009, ukafanya kazi na wakulima katika nchi zikiwemo Kenya, Rwanda, Kongo, Tanzania na Uganda, ulionyesha jambo ambalo linastahili kubandikwa kwenye kila duka la pembejeo: soya iliyopakwa raizobia wanaoifaa na kutiwa fosforasi kidogo mara nyingi huzidi ile iliyopewa kimoja tu kati ya hivyo viwili. Raizobia huletea mmea naitrojeni, lakini kazi hiyo hutumia nguvu nyingi, na nguvu hiyo haipatikani bila fosforasi. Hapo mfuko na kijidudu vinasaidiana. Kinyume chake pia ni kweli: maharage yanayomwagiwa naitrojeni nyingi huacha kuunda vinundu, maana mmea haulipii kwa sukari kile unachokipata bure. Kujua kama vinundu vinafanya kazi hakuhitaji maabara. Ng'oa shina taratibu mimea inapoanza kutoa maua, pasua kinundu kwa ukucha, na ukiona ndani wekundu wa waridi, kiko kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hakikupi kitu. Chanjo ya mbegu ni vijidudu hai, hivyo pakiti iliyokaa juani dukani ni vumbi tu, na mbegu hupakwa kivulini siku ya kupanda.

Nalisema hili kwa sababu biashara ya chupa za vijidudu vya ajabu imeshamiri. Muuzaji husimama mnadani na kuahidi kwamba lita moja itafufua ekari nzima na kuondoa haja ya mbolea. Kuanzia mwaka 2009, watafiti walizifanyia majaribio zaidi ya bidhaa 100 za namna hiyo zilizokuwa sokoni Kenya, Ethiopia na Nigeria. Chache tu ndizo zilizoonyesha manufaa ya kutegemewa, na chanjo za raizobia kwa mikunde zilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri. Sababu ya kushindwa kwa nyingine haishangazi. Udongo tayari umejaa vijidudu vilivyozoea mahali pale, na wageni wanaomiminwa humo bila chakula wala pH inayofaa hufa kwa njaa kama wenyeji wao. Fedha ya chupa hiyo ingenunua mbegu za mbaazi.

Wafugaji watauliza, na ni haki yao, mabua yatarudije shambani wakati ng'ombe hawana kitu kingine kiangazi. Sidhani kwamba jibu ni kumnyima ng'ombe. Mabua yanayopita tumboni mwake hayajapotea iwapo samadi na mkojo vinarudi, na hapo ndipo tunapopoteza kingi. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya mfugo imo kwenye mkojo, ambao huzama kwenye sakafu ya zizi ukaenda na upepo kama amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Matandiko ya mabua au nyasi zizini huunyonya, na lundo lililofunikwa kwa majani ya migomba kivulini hutunza kile ambacho jua na mvua huiba. Wachaga wamefanya hivi vizazi kwa vizazi katika vihamba vyao, ambako ng'ombe hulishwa zizini na samadi huishia kwenye migomba na kahawa. Wamatengo wa Mbinga walitafuta njia yao kwenye miteremko mikali: nyasi hufyekwa na kupangwa katika miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kufunikia nyasi hizo, na juu ya matuta hayo hupandwa maharage, kisha mahindi msimu mwingine. Mfumo huo, uitwao ngoro, hushika maji, huzuia mmomonyoko na kulisha vijidudu kwa tendo moja. Watu hawa hawakuwa na darubini, lakini walitazama kwa makini kilichotokea pale nyasi zilipooza na pale zilipochomwa.

Anayeanza kufukia mabua ajihadhari na jambo moja linalowakatisha wengi tamaa. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Vijidudu vinapoyashambulia hulazimika kuchukua naitrojeni iliyomo kwenye udongo ili kujenga miili yao, na mahindi machanga hubaki bila kitu na kugeuka manjano kwa wiki kadhaa. Mkulima huona mabua yamemharibia shamba, naye msimu unaofuata huwasha kiberiti. Ilimpasa kuyafukia mapema, mara tu baada ya kuvuna udongo ukiwa bado na unyevu, au kuyachanganya na majani mabichi ya mikunde, au kuweka mbolea kidogo ya naitrojeni wakati wa kupanda. Naitrojeni iliyokamatwa haijapotea. Vijidudu vinapokufa huirudisha, na hilo ni bora kuliko kusombwa na mvua ya kwanza.

Na mfuko, unapofika wakati wake, utumiwe kwa adabu. Urea iliyomwagwa juu ya ardhi kavu yenye joto hupotea hewani kwa sehemu kubwa, lakini ikifukiwa inchi mbili chini pembeni mwa shina, au ikitiwa kabla tu ya mvua ya wastani, hubaki. Kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili huupa mmea nafasi ya kuitumia kabla haijageuka yote kuwa naitreti na kuzama. Huko Niger, Mali na Zimbabwe, wakulima wa maeneo makame wamepimia mbolea kwa kizibo cha soda au kwa ncha za vidole, kiasi kidogo kwenye kila shimo badala ya kurusha shamba zima, na wamevuna zaidi kwa mbolea kidogo.

Serikali zetu zina uwezo wa kubadili jambo hili kwa maamuzi ya ndani ya mwaka mmoja wa bajeti. Ruzuku ile ile inayolipia mfuko wa DAP ilipie pia chokaa pale kipimo kinapoonyesha tindikali, mbegu za mikunde na chanjo zake, na upimaji wa udongo katika kila kata, ili mkulima wa Mbozi asipewe mbolea iliyopangwa kwa ajili ya udongo wa Kiteto. Nawe msomaji mwenye shamba, lako au la wazazi wako kijijini, chukua udongo sehemu kumi na tano tofauti za shamba, uchanganye kwenye ndoo safi, upeleke nusu kilo kwenye kituo cha utafiti au kwa bwana shamba kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa msimu ujao, na mabua ya mwaka huu usiyachome.